Bata Hupikwa kwa Masikio

Hotelini, 4 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Najua ukifungua barua yangu huanza kwa kusema shikamoo kwa sauti, na baba yako kule dukani anauliza unaongea na nani.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kreti la soda nje ya mlango wa nyuma wa jiko. Habari ni moja, na ni nzuri. Hoteli inafungua jiko la pili kule ghorofani, na Mpishi Mkuu anatafuta wanafunzi. Nimekutaja wewe. Nimemwambia ninaye binti aliyemaliza shule, mikono yake imetulia, mdomo tu ndio hautulii. Akacheka, akasema, "Mlete mwezi wa sita anipikie kidari cha bata na mchuzi wa machungwa. Mdomo nitauvumilia."

Hicho ndicho chakula anachompimia kila mtu. Anasema wali unaweza kukufichia aibu, kuku anaweza kukusamehe, lakini bata hasamehi. Basi anza kujifunza hapo nyumbani, mpaka uweze kumpika hata taa ikizimika.

Tafuta bata mnono. Toa vidari vyake, vikaushe kwa kitambaa. Chanja ngozi kwa kisu kikali, mistari ya kukatizana, ila kisu kisifike kwenye nyama. Tia chumvi. Halafu, hapa ndipo wengi hukosea: kikaango kiwe baridi. Baridi kabisa! Laza kidari, ngozi chini, ndipo uwashe moto, tena mdogo. Bata amevaa koti la mafuta. Ukimharakisha, koti linambana mwilini na ngozi inakuwa mpira. Mpe nafasi alivue mwenyewe. Mafuta yanayotoka yamimine pembeni, usiyatupe. Ngozi ikishakauka na kuvunjika kama kaukau za viazi, geuza upande wa nyama kidogo tu, epua, uache nyama ipumzike kabla ya kukata. Mchuzi nitakuandikia ukishaniambia ngozi imekubali.

Chiriku, wewe si wa kuzeekea humo ndani ukifagia duka la mtu asiyetaka kusema neno. Nyumba hiyo ilinibana mimi mpaka nikatafuta kazi mbali. Sitaki ikubane na wewe.

Msalimu baba yako, kama bado anapokea salamu zangu. Mwambie yale aliyonitamkia mlangoni siku naondoka sijayasahau.

Mama yako


Nyumbani, 19 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. (Ndiyo, kwa sauti. Na ndiyo, Baba ameuliza.)

Bata wa kwanza nimemuua mara mbili: mara moja kwa kisu na mara ya pili kwa moto. Nilisoma "kikaango baridi" lakini mkono wangu haukuamini. Nani anaanza kukaanga kwenye baridi? Nikakipasha moto kwanza. Mama, moshi! Fundi Viatu wa mlango wa pili alikuja mbio na ndoo ya maji, akasimama katikati ya jiko akitafuta pa kumwaga. Baba akauliza kutoka dukani, "Mnachoma mpira?" Tukala hivyohivyo. Fundi Viatu alisema ngozi ile angeipata mapema angeitilia soli.

Wa pili nimefuata neno lako. Mafuta yalitoka mpaka nikaogopa. Ngozi imekubali nusu, nusu bado inaona haya.

Kuhusu mwezi wa sita, Mama, si bado mbali? Kazi za duka zimekuwa nyingi. Baba amenipa kazi ya kubadilisha mikanda na betri za saa, na kuzipeleka kwa wenyewe. Tutaona.

Baba hajambo. Mkono unamsumbua kidogo, ndiyo maana salamu zake nazitia mimi. Anasema, "Nimepokea." Hiyo ndiyo salamu yote, usinilaumu mjumbe.

Wako,
Chiriku


Nyuma ya pazia, siku hiyohiyo

Mama, hii siitumi. Naiandika kwa sababu nikiendelea kunyamaza nitapasuka, na unajua kunyamaza si kazi niliyozaliwa nayo.

Baba haoni.

Giza lilianza pembeni mwa macho. Alikuwa akigonga milango, anasema milango imehamishwa. Halafu akawa kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe likazidi kuwa jembamba. Daktari alisema hakuna dawa ya kurudisha kilichokwenda. Tukiwa njiani kurudi Baba alinishika mkono, mimi nikidhani ananishika kwa upendo, kumbe alikuwa haoni mtaro. Hapohapo akaniapisha. "Mama yako asijue. Siku akirudi, nataka ajue amenirudia mimi, si macho yangu." Na wateja pia wasijue, maana nani atampelekea saa fundi asiyeona?

Kwa hiyo tumetundika pazia zito katikati ya duka. Yeye anakaa mbele, kaunta, na kile kioo cha kukuzia amekibana jichoni kama zamani. Mteja akimpa saa anaitia sikioni, anatikisa kichwa, anamwambia ugonjwa wake. Na hakosei, Mama! Halafu anaipitisha chini ya pazia. Huku nyuma nipo mimi, na kibano chake, na taa yake, na meza yake. Saa zote zinazotoka kwenye duka hili nazitengeneza mimi.

Mteja akiingia naacha kusogeza hata kiti. Feni siwashi kwa sababu pazia litapepea. Chafya naimeza. Juzi mama mmoja mwenye saa ya marehemu mumewe alisimama pale mbele akisema, "Fundi, una mikono ya dhahabu," na saa yake ilikuwa mapajani mwangu, na jasho linanitiririka mpaka kwenye nyusi, nami siwezi hata kujifuta.

Nikiondoka watamgundua kabla ya wiki kwisha. Nani atampikia? Nani atamsomea barua zako? Mwezi wako wa sita, Mama, kwangu ni mlango uliochorwa ukutani. Naupapasa, nagusa chokaa tu.


Hotelini, 11 Machi

Chiriku,

Mikanda na betri! Sikukubeba tumboni uje kubadilisha betri.

Nimesoma barua yako mara nyingi natafuta neno "nakuja", sikuliona. Nimeona "tutaona". Nani na nani wataona? Kama kuna mwanamume, niambie sasa. Kama ni mtu wa maana atakusubiri, na kama si wa maana, bata amekuokoa.

Haya, mchuzi. Sukari kwenye sufuria nzito, peke yake, iyeyuke mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi. Usikoroge, usiondoke, usiongee. Hapo mwagia siki, itafoka kama mtu aliyetukanwa, usiogope. Tia maji ya machungwa na ndimu kidogo, maana chungwa peke yake hujipendekeza. Tia supu uliyochemsha kwa mifupa ya bata huyohuyo. Maganda ya chungwa kata membamba, ondoa ile nyeupe ya ndani, ndiyo yenye uchungu. Acha vichemke vipungue mpaka mchuzi ushike mgongo wa kijiko. Mwisho siagi, moto ukiwa umezimwa. Mchuzi ukiwa mtamu tu umepika peremende. Ukiwa mchachu tu umepika ndimu. Viwili vibishane mdomoni.

Kuna msichana mwingine anaitaka nafasi hiyo. Shangazi yake yuko mapokezi, kila asubuhi anamchekea Mpishi Mkuu. Mimi sina meno ya kuchekea watu asubuhi. Nina wewe tu.

Jibu vizuri.

Mama yako


Hotelini, 2 Aprili

Fundi,

Salamu za kutosha. Sikuandikii kugombana.

Mwache binti aondoke. Uliniambia mlangoni kwamba mwanamke anayekwenda kulisha wageni amewashindisha njaa wa kwake. Sawa, nimelibeba neno hilo, na kila mwezi nimeleta fungu langu bila kuuliza. Lakini Chiriku hakukukosea kitu. Usimfanye saa ya ukutani, unayoitia ufunguo ili ikae palepale ikikuhesabia siku zako wewe.

Mimi nilipokaa katika nyumba hiyo nilikuwa nasikia saa zote za dukani zikilia pamoja, na kila saa nilihisi ukuta umesogea. Huenda wewe hukuusikia. Mtoto anausikia. Naijua sauti yake kwenye karatasi. Anaandika kama mtu anayecheka mlango ukiwa umefungwa kwa nje.

Mfungulie.

Mama Chiriku


Nyumbani, 15 Aprili

Mama,

Shikamoo. Baba ameisikia barua yako, yaani ameisoma. Anasema atafikiri.

Mwanamume hakuna. Angekuwepo ningekuwa nimeshakuandikia kurasa kumi.

Mchuzi umenishinda mara ya kwanza, sukari iliungua nikiwa nageuka kujibu mtu. Mara ya pili viwili vimebishana, lakini ndimu imeshinda. Nitajaribu tena.

Usichoke na mimi, Mama.

Chiriku


Kwa Fundi Viatu, 27 Aprili

Shemeji, salamu sana. Mimi Fundi Viatu, jirani yenu. Mwandiko huu ni wangu na makosa ya kuandika ni yangu. Maneno mengine yote ni ya mumeo, ambaye amekaa mbele yangu kwenye kigoda cha wateja, amevua kiatu kimoja ili binti akipita adhani ni mteja wa kweli. Naanza.

Mama Chiriku,

Sioni. Nimelisema. Nilidhani likitoka litanivunja jino, kumbe ni neno dogo.

Mchana najua ni mchana kwa joto la dirisha. Sura ya Chiriku naijua ya zamani, ya sasa sijui. Siku unaondoka nilikuwa nimekwisha kuanza kukuona nusu. Ulisimama mlangoni na mfuko, nikaona bega na mfuko, uso sikuuona. Nikatupa neno upande ule nilikodhani uso upo.

Chiriku alinisomea barua yako. Karatasi nilizisikia zikigeuzwa na kugeuzwa, lakini maneno yaliyotoka hayakujaa hata kijiko: "Mama anakusalimu, anauliza kama mvua imenyesha." Miaka yote ya ndoa yetu hujawahi kuniuliza mvua. Nikaitafuta kwenye droo, nikamletea Fundi Viatu anisomee.

(Shemeji, nilimsomea. Pale pa saa ya ukutani nilisimama kidogo, nikajifanya natafuta miwani. F.V.)

Sasa ujue ukweli. Binti yako habadilishi betri. Ndiye fundi. Amefungiwa nyuma ya pazia kwa sababu yangu, kwenye joto, hathubutu kupiga chafya. Jina ni langu, kazi ni yake. Kufuli unalotaka nilifungue ni mimi mwenyewe, na sikujua kufuli hujifunguaje.

Lakini bata amenifundisha. Chiriku akipika, mimi hukaa mlangoni pa jiko. Mwanzo mafuta yakitoka hulia kama mvua iliyo nyumba ya tatu. Inasogea, inakuwa juu ya bati letu. Halafu maji yanaisha kwenye ngozi na sauti inakauka, inakuwa kama mtu anakunja karatasi polepole. Siku moja ilipofika hapo nikamwambia, "Geuza." Akageuza, akanyamaza. Yeye! Kisha akasema, "Baba, imekuwa ya dhahabu. Umejuaje?" Nimejuaje! Maisha yangu yote nimesikiliza vitu vidogo vikienda sawa au vikienda kombo.

Tangu hapo akitoka kupeleka saa za watu, mimi naingia jikoni na kupika. Nikiweza bata nitaweza na maharage, na nikiweza kujilisha hatakuwa na sababu ya kukaa.

(Kidole chake cha shahada kimeungua, kimevimba kama ndizi. Binti kamwambia alishika taa. F.V.)

Nakuomba: mwandikie amri aondoke. Usimwambie nimesema. Duka nitalifunga, nitajua la kufanya. Wewe kazi usiache.

Ni mimi,
Fundi

(Shemeji, "nitajua la kufanya" amelisema akiangalia pembeni. Hajui. F.V.)


Hotelini, 9 Mei

Fundi Viatu, salamu na shukrani. Msomee polepole, na usiongeze lako.

Baba Chiriku,

Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha baridi, katikati ya nyama zilizoning'inia, maana humo ndimo peke yake mtu anaweza kutokwa na machozi akasingizia baridi.

Nimekasirika. Ulitaka nikurudie wewe. Ningemrudiaje mtu aliyejificha? Nilikuwa nikipita dirishani kwa moyo wangu kila siku, naona umekaa kaunta na kioo chako jichoni, umenipa kisogo. Kumbe hapakuwa na kisogo. Palikuwa na giza.

Basi nami nitoe la kwangu. Huwa nawaandikia kama mtu aliyetoka kifungoni. Nalala chumba kimoja na wanawake wa kufulia, nguo zetu tunazitundika juu ya vitanda kwa kuwa hakuna kabati. Mlango wa mbele wa hoteli sijawahi kuupita, sisi ni wa mlango wa nyuma. Na bata, Baba Chiriku, sijampika hata siku moja. Mimi ni wa vitunguu. Niliajiriwa kumenya vitunguu kwa muda, mpaka nafasi ipatikane, na muda haujaisha mpaka leo. Bata nimejifunza kwa kuchungulia juu ya bega la watu, huku machozi ya vitunguu yakinitoka. Kila nilichomwandikia mtoto nilikiona, sikukishika.

Kwa hiyo nataka aingie pale nilipozuiwa. Amri nimemwandikia leo hii, imo katika bahasha yake. Nimemwambia asipokuja tusiitane mama na mwana. Mungu anisamehe, nimeiandika kwa herufi kubwa.

Kidole kipake asali.

Mama Chiriku


Nyumbani, 30 Mei

Mama,

Shikamoo. Tulia kwanza, kaa kwenye kreti lako.

Barua yako ya herufi kubwa niliipata, nikaificha ndani ya saa ya ukutani inayosubiri mwenyewe. Nikaenda kumpelekea mzee mmoja saa yake, lakini nilipofika kwake sikumkuta, nikarudi mapema. Mlango wa jiko nikaukuta umefungwa kwa ndani. Nasikia mafuta.

Nikagonga. "Baba!"

"Subiri."

"Baba, fungua, utaungua!"

"Nimeshaungua. Nyamaza, sisikii bata."

Mama, nilikaa kwenye ngazi nikisikiliza mlango. Nilisikia kisu, nikasema vidole vyake vimekwisha. Nikasikia siki ikifoka. Nikasikia kijiko kikianguka na Baba akikitafuta kwa mguu, taratibu. Nilikuwa nimeshika kitasa kwa mikono yote miwili kana kwamba mimi ndiye niliyefungiwa ndani.

Akafungua. Sahani ilikuwa mezani, mchuzi umemwagika upande mmoja, maganda ya machungwa manene kama kamba. Akasema, "Kula." Nikala. Ngozi ilipasuka mdomoni kama barafu nyembamba. Chumvi imezidi kidogo. Lakini viwili vilibishana, Mama, na hakuna aliyeshinda.

"Iko vipi?"

"Nzuri kuliko yangu."

"Basi huna kisingizio tena," akasema. "Nimezungumza na mama yako. Anajua yote. Amri umeipata. Kafungashe."

Hapo ndipo nilipojua mmeandikiana nyuma ya mgongo wangu, na Fundi Viatu, mtu aliyekula mpira wangu, akiwa kalamu! Nikasema, "Nani aliwaambia nataka kwenda?"

"Aliyefungwa lazima atake kwenda."

"Nimefungwa na pazia, Baba. Sikufungwa na wewe."

Akapapasa kiti, akakaa. Nami nikamwaga yote. Kwamba sitaki jiko. Bata nimempika kwa ajili ya Mama, kama mtu anayejifunza wimbo wa harusi ya mwenzake. Nikifungua saa iliyokufa nikaitazama jinsi ilivyopangwa, na nikagusa mahali pamoja tu ikaanza kutembea, mwili wangu wote unatulia, hata mdomo. Ninachotaka ni kukaa mbele. Mtu akileta saa anitazame mimi usoni, akisema asante aniambie mimi.

"Wateja watakimbia," Baba akasema.

"Wengine."

"Wataniita kipofu."

Mama, sijui nilipata wapi ulimi ule. Nikamwambia, "Wewe ni kipofu, Baba."

Alisimama hivi, mkono umeshika ukingo wa meza, mchuzi kwenye mkono wa shati. Nikadhani atanipiga, na hajawahi. Akatoka, akapita korido, akafika dukani, akalipapasa pazia mpaka akalipata pindo, akalivuta likang'oka na fimbo yake na misumari yake. Vumbi likatuangukia sote wawili. Nikapiga chafya moja, hata Fundi Viatu alinijibu kutoka kwake, "Afya!"

Nisikufiche yaliyofuata. Kesho yake nilikaa kaunta. Mwalimu Mkuu wa shule ya mtaa wa juu aliingia, akaniangalia, akamwangalia Baba kwenye kigoda pembeni, akasema, "Nitaichukua saa yangu nisubiri fundi apone." Baba akamjibu, "Fundi mzima huyu hapa. Asiyepona ni mimi." Akaichukua hivyohivyo. Wengine wawili wakafanya kama yeye. Yule mama mwenye saa ya marehemu mumewe alinitazama sana, akaniuliza, "Ulikuwa wewe siku zote?" Nikaitika. Akaondoka. Jana akarudi na saa nyingine, mbovu zaidi. Leo hakuingia mtu. Nimekaa natazama mlango tangu asubuhi. Sijui kama duka hili litatulisha.

Lakini feni nimeiwasha.

Siji mwezi wa sita, Mama. Kasirika, una haki, ila usiache kuniita mwana. Na kama nafasi ile bado ipo, iombe wewe. Baba amenisomea kwa kichwa barua yako yote, najua habari za vitunguu. Mwambie Mpishi Mkuu mtu wa vitunguu anataka kumpikia bata.

Chiriku


Hotelini, 16 Juni

Chiriku,

Nimekasirika, na bado nimekasirika. Nilikwisha kukuona umevaa kofia nyeupe, ukipita mlango wa mbele. Nilishawaambia hata wanawake wa kufulia. Unajua nimelala nikijiambia nini? Kwamba nilikuwa nakutoa kwenye chumba kimoja nikutie kwenye kingine, tena kile ambacho mimi mwenyewe nakitafutia mlango. Sikulipenda wazo hilo. Nikageukia ukutani.

Neno la kukukana nalifuta. Lilikuwa la hasira na herufi kubwa.

Niliomba. Mpishi Mkuu alidhani natania. Nikasimama palepale nikiwa na kisu cha vitunguu mpaka akaacha kucheka, akasema, "Haya, pika." Wenzangu wote wakaacha kazi kutazama. Nikachanja ngozi, nikamlaza kwenye kikaango baridi. Nilisikiliza, Chiriku. Nilikumbuka maneno ya baba yako, mvua ya nyumba ya tatu, mvua ya juu ya bati, karatasi. Nikageuza wakati kila mtu anasema bado. Ikawa ya dhahabu.

Mpishi Mkuu alikula akamaliza sahani. Alipangusa mchuzi kwa mkate. Akaniachia sahani tupu, akatoka. Sikulala kwa furaha. Asubuhi nikafika jikoni nikakuta gunia la vitunguu limewekwa palepale pangu. Nafasi amepewa yule wa shangazi wa mapokezi.

Nikavimenya. Ningefanya nini?

Nina likizo ambazo sikuwahi kuzichukua, kwa sababu sikuwa na pa kuzipeleka. Nimewaza kuja. Halafu najiuliza, nikifika hapo mlangoni nitaingia kama nani? Si mpishi, si mwenye nyumba, na jiko silo langu tena. Muulize baba yako, yeye sasa ndiye mwenye majibu.

Mama yako


Nyumbani, 28 Juni

Mama Chiriku,

Naandika mwenyewe. Chiriku ameniwekea rula chini ya mkono, nikimaliza mstari anaishusha. Mistari ikipandana anza na wa juu. Ameahidi hatasoma, na nasikia anasoma.

Sikuwa na majibu. Nilikwenda kukaa jikoni kuyatafuta.

Duka linakwenda kwa kuchechemea. Kuna siku tunauza, kuna siku tunasalimiwa tu. Chiriku anawapigia domo wateja mpaka wanasahau walikuja kuchukua saa zao. Mimi nimeungua tena, mkono wa kushoto, si sana. Usiku mwingine naamka nikidhani taa imezimika, nanyoosha mkono kuiwasha, halafu nakumbuka. Hilo halijaniondoka na sidhani litaondoka.

Hao watu wamekula bata wako wakapangusa sahani, kisha wakakurudishia gunia. Nimelifikiri hilo mpaka sukari ikaungua.

Hapa hakuna kitunguu kitakachokungoja. Namenya mwenyewe, na mimi hata sihitaji kufumba macho. Jumamosi nitamtuma Fundi Viatu kwa mfuga bata achague mnono. Sitaki mtu wa kunichungulia juu ya bega wala wa kuniambia moto umezidi. Kiti chako ni cha upande wa dirisha, penye upepo.

Unauliza uingie kama nani. Ingia kama mtu anayepikiwa. Macho yangu usije kuyatazama, hayana jipya. Njoo na njaa.

Fundi